Mwalimu Aliyeweka Vitu Viwili Mezani

Siku ya kwanza aliingia darasani na sahani mbili za bati. Moja ilikuwa na usipa mkavu, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, na nyingine ilikuwa na buni. Akaziweka mezani ubavu kwa ubavu, akavuta kiti mpaka dirishani, akakaa akiangalia nje kama mtu anayesubiri basi la Songea. Hakutusalimia wala hakuandika kitu ubaoni.

Tulikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni hapa Mbinga. Nusu yetu tulikuwa watoto wa mlimani, watoto wa kahawa na maharage, na nusu walikuwa watoto wa ziwani. Hizo nusu mbili hazikuwa zikipendana kupita kiasi. Wao walituita watu wa baridi, sisi tuliwaambia kwamba hata madaftari yao yananuka samaki. Kwa hiyo sahani zile zilipokaa pale bila maelezo, kelele zilianza zenyewe. Mmoja akadai mwalimu anatudhihaki sisi, mwingine akadai anawadhihaki wao. Kijana wa Ukata akasema kimoja ni cha kuuza na kingine ni cha kula, basi, hakuna zaidi. Halafu msichana wa Lituhi, ambaye kwa kawaida hakuwa akisema kitu, akasema polepole, "Vyote vinaanikwa. Na mvua ikinyesha ghafla, kwenu mnakimbia na kwetu tunakimbia."

Hapo ndipo mwalimu alipoinuka na kuandika ubaoni neno refu la Kiingereza ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona: juxtaposition.

"Hicho mlichofanya sasa hivi ndiyo maana yake," akasema. "Mimi nimeweka tu."

Tangu siku hiyo tukampa jina la Mzee Weka, na mpaka leo wapo watu wazima wenye wajukuu Mbinga hii ambao hawamjui kwa jina jingine. Mimi nitamwita Mwalimu. Ni mtu aliyenifundisha Kiingereza, akanifundisha kuandika, na bila kujua akanipa kazi ninayoifanya sasa ya kutangaza redioni. Ni mtu pia ambaye kwa miaka mingi hakuweza kuwakalisha wanawe wawili kwenye baraza moja. Mkubwa yuko hapa mlimani na kahawa yake. Mdogo alishuka ziwani akiwa kijana, akaapa kwamba hatapanda tena mlima huu, na akatimiza. Nitaeleza yote mawili, ustadi wake na huo msiba wake, maana nimekuja kuona kwamba vyote vilitoka mfuko mmoja.

Kwanza ustadi. Tulimsumbua sana atupe Kiswahili cha neno lile ili tulikariri kwa ajili ya mtihani. Tukapendekeza ulinganisho. Akakataa: "Anayelinganisha ameshakuwa hakimu. Mimi sijawaambia kipi bora." Tukapendekeza ukinzani. Akakataa tena: "Usipa na kahawa viligombana lini?" Mwisho mtu mmoja kutoka nyuma, kwa kuchoka tu, akasema basi tuite ujirani. Mwalimu akasimama katikati ya darasa, akalitafuna lile neno kidogo. Akasema hilo siyo baya. Vitu viwili vimefanywa majirani, na anayepita njiani ndiye anayetazama nyumba ya huyu na nyumba ya yule akaondoka na mawazo yake.

Alikuwa na masharti. Sharti la kwanza, usiweke vitu ambavyo tofauti yake inapiga kelele. "Usiniletee tajiri na maskini," alituambia. "Usiniletee kanisa na kilabu cha pombe. Hivyo hata mbuzi anaviona." Alitaka vitu vinavyokaribia kufanana, au vitu ambavyo kwa kawaida havikutani, ili msomaji alazimike kutembea mwenyewe kutoka kimoja mpaka kingine. Sharti la pili lilihusu yale maneno ya kuunganisha. Yale yote ya Kiingereza ya kusema kwa upande mwingine, ilhali, kinyume chake, aliyachukia kama mkulima anavyochukia panya ghalani. Alikuwa na kalamu nyekundu kwa kazi hiyo. Ukiweka sentensi mbili jirani, halafu ukachomeka neno la kuzieleza, alilikata mpaka karatasi ikatoboka.

Mimi alinikata ukurasa mzima. Tuliambiwa tuandike insha ya Kiingereza kuhusu siku ya huzuni, nami niliandika kuhusu mazishi ya shangazi yangu. Nilianza hivi: shangazi alizikwa asubuhi, mchana tulichambua maharage ya mbegu. Kisha nikaendelea kwa ukurasa mzima na robo, nikieleza kwamba maisha lazima yaendelee, kwamba mbegu ni alama ya matumaini, kwamba shangazi naye ni kama mbegu iliyofukiwa. Nilijivunia sana sehemu ile ya mbegu. Mwalimu aliacha sentensi zile mbili za mwanzo, akapiga mstari mrefu kwenye kila kilichofuata, na pembeni akaandika: Simama hapa. Alama alinipa nzuri kuliko zote nilizowahi kupata. Nilikasirika hata hivyo. Nilimwendea ofisini nikamwambia, "Mwalimu, sasa watu watajuaje nilikuwa na huzuni?"

"Wewe ulichambua maharage siku ya kumzika shangazi yako," akasema. "Nani hatajua?"

Redioni nimelitumia somo hilo mpaka bosi wangu ameniogopa. Kuna mwaka mwenyekiti wa kijiji kimoja alileta tangazo la kuwahimiza wananchi wachangie madawati ya shule, maana watoto wanakaa chini. Siku ileile familia yake ilileta tangazo la sherehe ya kumpongeza, lenye maturubai, bendi na ng'ombe. Niliyasoma moja baada ya jingine kwa sauti ileile ya upole, nikapiga muziki. Sikuongeza neno hata moja. Jioni simu zililia mpaka mitambo ikapata moto, na madawati yalipatikana. Bosi aliponiita niliweza kumtazama machoni na kumwambia kwa haki kabisa kwamba mimi nilisoma nilicholetewa.

Somo ambalo sitalisahau ni lile la Jumamosi, alipotutoa darasani akatupandisha kwenye shamba la ngoro. Kwa asiyeyajua mashamba yetu, ngoro ni mashimo tunayochimba kwenye mteremko mkali. Wanaume wanafyeka majani na kuyapanga chini kama vyumba vya mraba, kisha wanawake wanachimba katikati ya kila chumba na kuyafunika yale majani kwa udongo. Kinachobaki ni shimo na tuta, shimo na tuta, mpaka chini bondeni, na mazao yanapandwa kwenye matuta. Mwalimu alitupanga ukingoni akauliza, "Shamba liko wapi? Kwenye shimo au kwenye tuta?" Wa mlimani tukajibu kwa dharau kwamba ni kwenye tuta, hata mtoto anajua. Akasema sawa, basi kafukieni mashimo yote. Tukacheka, kwa sababu tulijua kwamba mvua moja tu ya Januari ingeyachukua matuta yetu mpaka mtoni.

"Basi na kwenye karatasi ni hivyohivyo," akasema. "Kuna kitu hakimo katika sentensi ya kwanza, na hakimo katika ya pili. Kinapatikana zikikaa pamoja." Mwanafunzi mmoja akauliza hicho kitu kinaitwaje. Mwalimu akamwambia atakila wakati wa mavuno.

Msidhani nawaeleza mtu mkimya. Hapo ndipo watu wengi humwelewa vibaya. Nje ya darasa Mwalimu alikuwa msemaji hasa. Alijua nani kaposa wapi, nani kauza buni kwa walanguzi kabla ya msimu, padri gani anahamishwa na kwa nini. Angeweza kukusimamisha njiani na mzigo kichwani akakusimulia mpira wa jana dakika kwa dakika. Alinyamaza pale tu neno lilipokuwa linahitajika. Sokoni angesogeza mafungu mawili ya nyanya yakae jirani, akayatazama, akamtazama mwenye nyanya, akatabasamu. Wauzaji walimchukia kwa jambo hilo. "Mwalimu, sema basi unachotaka!" mama mmoja alikuwa akimpigia kelele kila wiki, na kila wiki aliishia kumwongezea.

Na njia yake hiyo ilifanya kazi, hilo lazima niliseme. Majirani wawili waligombania mpaka wa shamba kiasi cha kukatana kwa mapanga, na mabaraza yote yakashindwa. Mwalimu aliwaalika nyumbani kwake wote wawili kwa saa ileile, akawaketisha kwenye benchi fupi la watu wawili, akasema anakwenda kutazama chai. Chai ile ilichelewa. Alipotoka aliwakuta wanazungumzia ugonjwa wa ng'ombe wa mmoja wao, na mpaka ule haukusikika tena. Sifa zikamjaa. Watu walianza kumwona kama mganga. Nafikiri hata yeye mwenyewe alianza kuamini kwamba hakuna jambo duniani lisilotengenezeka kwa kuweka na kuondoka.

Aliyekataa kuamini alikuwa mke wake. Tulimwita Mama, sisi sote tuliokula ugali wake. Ni mtu wa Mbaha, kwa hiyo alikuwa mtoto wa ziwani aliyeolewa mlimani, na baridi hakuizoea hata siku moja. Alivaa sweta mpaka Desemba. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia jirani, Mwalimu akiwa hapohapo, "Huyu darasani ananyamaza ili wanafunzi waseme. Nyumbani ananyamaza ili sisi tukosee." Jirani alicheka. Mwalimu naye alicheka. Mama hakucheka.

Sasa nije kwa wale wanawe wawili. Nyumba yao ilikuwa njia ya kanisani, na kila aliyetoka misa ya kwanza alipita mbele ya baraza lao. Watoto walipofikia umri wa kuchuma, Mwalimu alimpa kila mmoja mstari wake wa mikahawa, auhudumie mwenyewe. Ni desturi nzuri, na wengi tulilelewa nayo. Mkubwa alipewa mstari wa juu, karibu na nyumba. Mdogo alipewa mstari wa bondeni, kando ya kijito. Wakati wa kuchuma ulipofika, kila mmoja alijaza kikapu chake, na Jumapili Mwalimu alivitoa vikapu vyote viwili akaviweka barazani, jirani, kwenye meza ndogo. Kisha akaingia ndani kuvaa tai.

Kahawa inachumwa ikiwa nyekundu. Huo ndio msingi, na hakuna mtoto wa Mbinga asiyeujua. Kikapu cha mkubwa kilikuwa chekundu kama shanga, kuanzia juu mpaka chini. Cha mdogo kilikuwa na nyekundu chache, njano nyingi na kijani. Kwetu kuchuma kijani ni aibu, ni dalili ya mtu mvivu asiyerudia mti mara ya pili na ya tatu, anayekamua tawi lote kwa mkono mmoja ili akacheze. Watu walitoka misa, wakapita, wakaona. Hakuna aliyeuliza vikapu ni vya nani, maana kijiji kizima kilijua. Wazee waliguna. Akina mama walisema maskini. Mdogo alikuwa amesimama kwenye nguzo ya baraza na shati lake la kanisani, na alibaki amesimama pale mpaka mtu wa mwisho akapita.

Mwalimu aliviweka vikapu vile mwaka ule, na mwaka uliofuata, na uliofuata. Hakumgombeza mtoto yule hata mara moja. Aliyepiga kelele alikuwa Mama, naye aliambiwa, "Mimi nimemwambia nini? Sijamwambia kitu." Na ilikuwa kweli. Ndiyo iliyokuwa kinga yake kwa miaka yote. "Sijamtamkia neno baya." Hata mimi nilimsikia akisema hivyo, zaidi ya mara moja, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Mdogo alipomaliza shule alishuka kwa wajomba zake, akajifunza ufundi wa boti, akaoa hukohuko Lituhi. Mkubwa alibaki akawa mkulima wa kupigiwa mfano. Leo ndiye anayesimamishwa mbele kwenye mikutano ya wakulima, na kila akisimama anasimulia kikapu kile. Anasimulia vizuri, kwa mapenzi kabisa, jinsi baba yake alivyomfundisha uangalifu bila kusema neno. Watu wanapiga makofi. Nimewahi kumrekodi kwa ajili ya kipindi chetu cha wakulima, na nikakirusha.

Mama alikuwa akishuka kumwona mtoto wake kila mara, peke yake, na kurudi na mfuko wa usipa. Mwalimu aliula. Aliusifu hata, akasema mwaka huu ni mnono. Hakuuliza umetoka kwa nani, na Mama hakumwambia. Hivyo ndivyo walivyoishi. Halafu mwaka jana, baada ya mavuno, Mama alishuka kama kawaida yake na safari hii hakurudi. Alituma salamu kwa kondakta wa basi: yuko salama, amechoka na baridi, na anayemtaka anaijua njia.

Mwalimu alikuja kituoni kwetu asubuhi moja. Amestaafu siku nyingi sasa, amepungua, ila tai bado anavaa. Nilimkuta ameketi mapokezi akimsimulia mlinzi mpira.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Una gari, siyo?"

"Ninalo, Mwalimu. Bovubovu."

"Linafika Lituhi?"

Tuliondoka Jumamosi. Njia yote kutoka Kitai, nyuma ya malori ya makaa ya mawe na vumbi lao jeusi, alizungumza bila kupumzika. Alizungumzia bei ya mbolea, mapadri, mjukuu wa nani aliyefaulu. Nilimwacha. Tulipoanza kuteremka na joto la ziwa likatuingia madirishani, maneno yakamwishia. Akafungua tai, akaikunja, akaitia mfukoni.

Yule mwanawe mdogo tulimkuta ufukweni, ana boti kubwa mpya juu ya magogo, anasindilia pamba kwenye nafasi za mbao kwa patasi na nyundo. Ni mtu wa makamo sasa, ana mvi ndevuni. Hatua chache kutoka pale Mama alikuwa kwenye chanja, anageuza usipa. Alituona tangu mbali na mikono yake haikusimama.

"Mmefika," akasema, kana kwamba tumetoka dukani.

"Shikamoo, baba," akasema mdogo.

"Marahaba, mwanangu."

Mwalimu akaketi juu ya kreti la samaki, akaweka mikono juu ya magoti. Akanyamaza. Nami niliyemjua miaka yote hiyo nilielewa mara moja anachofanya. Amejileta, amejiweka karibu na mtoto wake, sasa anangoja. Nyundo iliendelea kugonga. Wavuvi walipita, wakasalimia, wakaenda zao. Nilianza kuona aibu, kisha hasira. Nilitamani kusema kitu mimi.

Mama alisema kabla yangu. Hata hakugeuka. "Mzee wangu, huku hakuna darasa."

Mwalimu alikohoa. "Ile miti yako," akasema. "Ile ya bondeni."

Nyundo ikasimama.

"Ilikuwa chini ya miparachichi. Jua halikufika pale mpaka asubuhi iishe, na kijito kilileta baridi. Kahawa ya pale ilichelewa kuiva, haikuweza kuwa nyekundu pamoja na ile ya juu, hata angeichuma nani. Ungeiacha mwezi mzima zaidi, ungepata kikapu kizuri. Mimi ndiye niliyekuambia uchume siku moja na kaka yako." Akajipangusa midomo. "Nilijua. Nilipokupa ule mstari nilijua, na nilipoweka vikapu barazani nilijua. Nilitaka upate uchungu, uwe mkakamavu. Nikajiambia sijasema neno baya. Watu ndio watasema. Na walisema, na mimi nilikuwa ndani nafunga tai, nawasikia. Nimekukosea sana, mwanangu. Hapakuwa na uvivu kwenye kikapu kile. Nisamehe."

Sikuwahi kumsikia akieleza jambo kwa urefu hivyo, na vibaya hivyo, akirudia maneno, akipoteza njia. Mama alikuwa ameacha kugeuza samaki.

Mdogo aliiweka nyundo chini. "Mimi nilidhani hukujua," akasema.

Mwalimu akamtazama.

"Miaka yote hii. Watu wakiniuliza baba yako ni mtu wa namna gani, nawaambia ni mtu mwema, amesoma, ila shamba halijui. Mama akinibembeleza nirudi, namwambia siku mzee atakapokuja kulijua lile bonde atanifuata mwenyewe. Nilikutetea, baba. Kumbe ulijua."

"Nilijua."

Mdogo akaanza kuchambua pamba iliyoganda vidoleni. Nilifikiri atatufukuza, na kusema kweli nisingemlaumu. Hatimaye akauliza, "Na kaka je? Amejua?"

"Kaka yako hajui."

"Basi kamwambie yeye. Namsikia redioni. Kila mwaka anasimulia kikapu. Nyumba yake nzima ameijenga juu ya kikapu kile, baba, na watoto wake anawalea hivyohivyo." Aliinama akaokota nyundo. "Ukishamwambia, nitapanda. Hata Jumapili ijayo nitapanda, na Mama nitamleta mwenyewe. Usipomwambia, karibu hapa siku yoyote ule samaki. Mimi huko sipandi."

"Yule ndiye anayenipenda," Mwalimu akasema taratibu.

"Najua," akajibu mdogo.

Tulikula. Mama alichoma mbasa, samaki wa ziwa lile, akatupa ugali wa muhogo, na mkwewe akatuletea maji ya kunawa. Mwalimu alikula haraka haraka, akashukuru, akamshika mdogo bega kwa muda kabla ya kupanda gari. Njiani hakutaja mpira wala mbolea. Tulipokaribia Mbinga nilimwambia kwamba amechoka, nimpeleke kwake akapumzike, mkubwa atamwona kesho baada ya misa.

"Hapana," akasema. "Kesho nitakuwa nimepata sababu. Nipeleke sasa."

Jua lilikuwa bado halijazama nyuma ya milima tulipoingia kwa mkubwa. Ana nyumba nzuri ya matofali, sakafu ya kuanikia buni imefagiliwa safi, na wanawe wawili walikuwa wanamwagilia miche kitaluni. Alitoka mbio akijifuta mikono, uso umejaa furaha.

"Baba! Leo umenikumbuka! Mama wa watoto, chai! Dada mtangazaji, karibu sana, karibu ndani."

"Chai baadaye," Mwalimu akasema. Alivuta kiti kimoja cha barazani akakisogeza mpaka kikagusana na kingine, akakaa, akampigapiga mwanawe mkono. "Kaa hapa, mwanangu. Nina jambo la kukueleza, na ni refu."

Mkubwa akaketi, akawaita watoto wake waje nao wamsikilize babu. Mwalimu hakuwazuia. Akaanza kusema, na yule mkubwa alikuwa bado anatabasamu.